Fuvu la Mkwawa lilivyopotea kwa kukosa lebo, na somo lake kwa watengeneza tovuti

Kuanzia Iringa hadi Mbeya, nani asiyemjua Mkwawa? Ila kilichompata baada ya kufa, mtengeneza tovuti yeyote anapaswa kukijua.

Mkwawa alizaliwa Luhota, Iringa, miaka ya 1850. Baba yake, Munyigumba, aliyewaunganisha Wahehe, alifariki 1879. Ukazuka ugomvi wa madaraka, na mwisho Mkwawa akashika utawala.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wake walikivizia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka.

Mkwawa hakusalimu amri. Alipigana vita vya msituni karibu miaka minne, huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipozidiwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Kichwa kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Wapi! Ilipita zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alifika makumbusho ya Bremen akakuta mafuvu kama 2,000. Hakuna lililoandikwa Mkwawa.

Basi akachuja. Kwanza, yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani: yakabaki 84. Pili, yenye vipimo vinavyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Tatu, lenye tundu la risasi: likabaki moja. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, na limehifadhiwa Makumbusho ya Kalenga.

Hiyo ndiyo kazi inayoitwa usanifu wa taarifa: kupanga vitu kwa makundi, kuvipa majina na kumwachia mtu njia ya kuvifikia. Bremen walihifadhi kila kitu. Makundi yalikuwepo, ndo maana 2,000 zikawa 84. Kilichokosekana ni jina, na ndiyo sababu wapo wanahistoria ambao hadi leo wanahoji kama fuvu lile kweli ni la Mkwawa.

Sasa tazama tovuti unayoijenga. Mkulima wa viazi Mbeya anatafuta fomu ya mbolea kwenye simu, bando linaisha. Anakuta menyu imeandikwa "Nyaraka", ndani kuna mafaili 200 yenye namba tupu. Fomu ipo, lakini kwake haipo.

Kabla ya kuchagua rangi, orodhesha vilivyomo, vigawe kwa namna mtumiaji anavyovitafuta, na kila kimoja kipe jina analolitumia yeye. Ukiliacha jina leo, kesho mwenzako atabaki kubahatisha.