Marehemu Shaaban Robert na Barua Yangu

Muhula uliopita nilimwandikia mama barua kumwarifu kuwa viatu vyangu vimetoboka. Kwa kuwa nilitaka ajue kwamba mwanawe sasa yuko kidato cha nne, niliijaza maneno niliyoyaokota katika kamusi. Mtoto wa jirani aliyemsomea hakuambulia kitu ila miguu na dhiki. Mama akadhani naumwa. Akapanda basi akaja shuleni mbio, na nauli ile ndiyo iliyokuwa fedha ya viatu. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipopata habari hakunigombeza. Alinipa kitabu kiitwacho Maisha Yangu, cha marehemu Shaaban Robert, nami nikakimaliza kwa siku mbili.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926. Kisha akawa karani wa forodha Pangani, baadaye akahamishiwa idara ya wanyama wa porini huko Longido, ndipo akarudi Tanga, karani vile vile.

Wasomaji wapenzi, msidhani kuwa hakuwa na maneno magumu. Alikuwa nayo tele, na baadhi ya mashairi yake hata leo yananishinda. Tena alijua kuficha. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, aliwalaumu watawala kwa hadithi ya nchi isiyokuwapo, maana wakati wa ukoloni kusema waziwazi kulikuwa na hatari.

Lakini alipofika kwenye mambo ya nyumbani mwake hakujificha. Mkewe Amina alipofariki, alieleza jinsi alivyompenda na jinsi alivyoumia, asijifanye shujaa. Binti yake Mwanjaa alimtungia utenzi wa kumwusia, na mwanawe Suleiman akamtungia wake. Niliposoma ule wa Mwanjaa nilimwona baba akisema na mtoto wake, wala si mshairi anayetafuta sifa. Mimi nilikuwa mtoto nikisema na mama yangu, nami nilitafuta sifa!

Alifariki mwaka 1962, na vitabu vyake vingali vinasomwa.

Wiki ile ile nilimwandikia mama barua nyingine, mistari minne tu. Mtoto wa jirani aliisoma mara moja. Viatu vilifika mwisho wa mwezi, vikubwa kidogo.