Galien, muganga wa wapiganaji, na mafuta ya oliva

Mu alimentation za Kolwezi, chupa ya mafuta ya oliva inauzwa bei kali. Lakini vijana wa mupira huku Mashamba wanaambiana eti ukiinywa, musuli hauchaniki. Kuna muganga alijua mafuta hiyo na miili ya namna hiyo, zaidi ya miaka 1800 iliyopita: Galien.

Alizaliwa mwaka 129 ku Pergamo, ule mji unaotajwa mu Ufunuo. Leo ni Bergama, mu Uturuki. Baba yake Nikon, fundi wa kuchora majengo, aliota ndoto kwamba mutoto asomee uganga. Akasoma mpaka Aleksandria, mu Misri.

Mwaka 157, na miaka 28, akapewa kazi nguvu: kutunza watu waliopiganishwa kwa panga mbele ya umati. Aliandika kwamba mikononi mwake walikufa wachache kuliko kwa waganga waliomutangulia. Anajisifu, ndiyo, lakini walimurudishia ile kazi mara na mara.

Wapiganaji walilishwa shayiri na maharagi. Galien hakufurahia: aliona chakula ile inawapa mwili mulegevu. Mafuta ya oliva kule ilikuwa sawa na mawese kwetu, ya sahani na ya ngozi, na ya taa pia. Walitia ku mboga. Kwa mwanamichezo, Galien aliitaka zaidi ku ngozi: kuchuliwa mbele ya mazoezi ili mwili upate moto, na tena polepole nyuma yake ili uchovu utoke. Leo tunajua oliva ina kitu cha kutuliza uvimbe, ila mu kijiko kimoja ni kidogo sana.

Kisha ikamupata yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka 35, ku Roma, mu mazoezi ya mieleka, mufupa wa bega ukaachana. Waliomusaidia wakavuta vibaya. Galien akatambua kosa, akawasimamisha, akafungwa bandeji ya kubana siku 40, huku akimwagiwa mafuta ya moto. Siku 40! Kwetu mutu anarudi ku teren kisha juma moja. Bega lake likapona.

Baadaye akawa muganga wa mufalme Marcus Aurelius. Mwaka 192 moto ukaunguza vitabu vyake vingi mu Roma. Akakaa chini, akaanza kuandika upya.