Booker T. Washington na Shule Iliyowafuata Wakulima

Mara nyingi hudhaniwa kuwa shule yenye lengo thabiti ni shule isiyobadilika. Maisha ya Booker T. Washington, mwalimu Mmarekani mweusi, yatufundisha vingine.

Alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1856. Baada ya kuachwa huru mwaka 1865 alifanya kazi ya chumvi na ya makaa ya mawe. Mwaka 1872 aliingia Chuo cha Hampton, akalipia masomo kwa kufanya usafi. Tarehe 4 Julai 1881 alifungua chuo cha ualimu mjini Tuskegee, Alabama, chenye wanafunzi 30. Serikali ya jimbo ilitenga dola 2,000 kwa mwaka kwa mishahara ya walimu tu. Ardhi wala majengo hayakuwapo. Hata hivyo, lengo lake lilikuwa wazi: kuandaa walimu watakaorudi vijijini kuinua maisha ya watu waliotoka utumwani.

Kwa kukosa matofali, walimu na wanafunzi waliyafyatua wenyewe. Matanuri matatu yaliharibika. Washington akaweka rehani saa yake kwa dola 15, na tanuri la nne likafaulu. Tangu hapo ufyatuaji ukawa somo, na majirani wakaja kununua matofali.

Baadaye ilidhihirika kwamba wakulima maskini, waliofungwa na madeni na kazi za shamba, hawawezi kukaa chuoni. Basi mwaka 1906 chuo kiliwafuata. Gari la kukokotwa na wanyama, lililobuniwa na mwalimu George Washington Carver, lilipeleka vijijini majembe, mbegu na vyombo vya maziwa. Somo likafanyika katika shamba la mkulima mwenyewe. Mahali na vifaa vilibadilika. Lengo lilibaki lile lile. Kwa hiyo gari lile halikuwa kuiacha shule.

Hata hivyo, tusimsifu pasipo kupima. Mwaka 1903 W. E. B. Du Bois alimlaumu kwa kuzipa kazi za mikono nafasi kubwa mno na kulegea katika kudai haki ya kura. Lawama hiyo ina uzito: chuo chepesi wa kubadili njia chaweza kuwa kizito wa kulihoji lengo lake.

Washington alifariki mwaka 1915, akaacha chuo chenye majengo zaidi ya 100. Kazi ile haikufa naye. Miaka michache baadaye gari la injini lilishika nafasi ya lile la wanyama.

Sisi walimu tuandikapo azimio la somo, tuanze kwa kujiuliza mtoto aweze kufanya nini mwishoni. Tukilijua hilo, siku chaki itakapokwisha tutatoka na watoto uwanjani, na somo litaendelea.