LUIS ALVAREZ: ALIYEJUA SHIMO LIPO KABLA HALIJAONEKANA

Leo nimeshika kalamu nikusimulie maisha ya Luis Alvarez, mwanafizikia wa Marekani.

Alvarez alizaliwa mjini San Francisco tarehe 13 Juni 1911. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alibuni mtambo wa rada wa kuongoza ndege zitue salama penye ukungu. Alishiriki pia katika kuunda bomu la atomiki. Tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa ndani ya ndege iliyofuatana na ile iliyoangusha bomu Hiroshima, kazi yake ikiwa kupima nguvu za mlipuko. Jambo hilo hunitia simanzi, na sitalificha eti kwa kuwa navutiwa na mtu huyu. Baada ya vita alichunguza chembe ndogo mno za maada, na mwaka wa 1968 akatuzwa Nobel ya Fizikia.

Wengine hapo wangestaafu, wakacheze na wajukuu. Yeye wapi! Mwanawe Walter, mwanajiolojia, alimletea mwamba kutoka Gubbio, Italia. Katikati ya mawe ya chokaa palikuwa na utando wa udongo, unene wake kama sentimita 1 tu. Chini yake mlijaa visukuku vya viumbe wadogo wa baharini wa zama za dinosaria. Juu yake karibu wote wametoweka. Je, utando huo ulichukua muda gani kujitandaza? Mzee akashauri wapime iridiamu, ambayo ni adimu ardhini lakini hutunyeshea polepole pamoja na vumbi la angani. Frank Asaro na Helen Michel walipopima, lahaula! Ilizidi kawaida mara 30 hivi. Vumbi la kila siku halingeweza kuleta kiasi hicho.

Mwaka wa 1980 wote wanne walitangaza kwamba jiwe la angani, yaani asteroidi, lenye upana wa kilomita 10 hivi liliigonga dunia. Vumbi likaziba jua, mimea ikafa, wanyama wakafa njaa. Wataalamu wengi wa visukuku walipinga. Kama ni kweli, shimo liko wapi? Alvarez alifariki tarehe 1 Septemba 1988 bila kulijua.

Mwaka wa 1991 wanasayansi walitangaza kuwa shimo liko Chicxulub, Meksiko. Upana wake ni kilomita 180 hivi, nalo limefukiwa, sehemu nchi kavu na sehemu chini ya bahari. Kumbe jiwe lile lilitua baharini, miaka milioni 66 iliyopita!

Basi kompyuta zikaendeleza hesabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022, programu moja ilikokotoa dakika 10 za kwanza za kishindo, nyingine zikayafuata mawimbi duniani kote. Wimbi lilipanda kilomita 1.5. Nguvu zake za mwanzo zilifikia mara 30,000 za tsunami ya Desemba 2004, ile iliyofika hadi pwani yetu ya Kenya. Si mchezo!

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Alvarez alivumilia, mbivu wakala wengine. Hata hivyo, wewe mwanafunzi mwenzangu unayeona hesabu ni adhabu, kumbuka udongo wa sentimita 1 ulivyotuonyesha shimo la kilomita 180.