Beryl Markham: Rubani wa Njoro aliyezimikiwa na injini akikaribia kutua

Tarehe 5 Septemba 1936, ndege ndogo ya injini moja ilianguka katika kinamasi cha Baleine, kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, ikiwa imebakiza dakika chache kufika uwanja wa Sydney ulioko kisiwani humo. Rubani alitoka akivuja damu kichwani, lakini mzima. Alikuwa mwanamke wa miaka 33 aliyekijua Kiswahili tangu utotoni. Huyo ni Beryl Markham, na leo napenda kuwasimulia maisha yake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Akiwa na umri wa miaka minne hivi aliletwa Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba huko Njoro. Haukupita muda mrefu mama yake akarudi Uingereza, akamwacha. Binti huyo akakua pamoja na watoto wa Kiafrika wa jirani, akajifunza kuwinda kwa mkuki pamoja nao. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, ambaye alipokua aliitwa arap Ruta.

Tusisahau upande wa pili. Ardhi hiyo ya Njoro ilikuwa mikononi mwa walowezi, na watoto wale wawili waliocheza pamoja hawakuwa na mlango mmoja wa kupitia. Baba yake Kibii alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ya wakubwa wa Ulaya. Baadaye Ruta alimtumikia Beryl, kwanza kwenye farasi, kisha kwenye ndege.

Karibu na mwaka 1920 baba alifilisika, shamba likapotea, naye akaenda Peru. Beryl hakumfuata. Akiwa bado msichana alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata, na farasi wake wakashinda.

Mnamo 1931 alijifunza urubani kwa Tom Campbell Black, na miaka miwili baadaye akapata leseni ya urubani wa biashara. Akawa anabeba barua, abiria na wagonjwa, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Ndipo akaitamani Atlantiki. Kuivuka kutoka mashariki kwenda magharibi ni kazi ngumu, kwa sababu pepo nyingi huvuma kinyume na uelekeo huo. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akitumia ndege ya Percival Vega Gull. Ndani yake yaliongezwa matangi ya mafuta, lakini redio hakuwa nayo. Tangi moja lilipokauka injini ilizima, naye akafungua jingine gizani, juu ya bahari, mpaka injini ikawaka tena.

Baada ya saa zaidi ya 20, nchi kavu ikiwa imeonekana, injini ilianza kukwamakwama huku tangi la mwisho likiwa bado na mafuta. Barafu ilikuwa imeziba tundu la kuingizia hewa. Ninyi mnaovusha mawese mpakani mnalielewa jambo hili: ukiziba njia ya hewa ya jerikani, mafuta yanakataa kutoka. Injini ikafa, ndege ikashuka, pua yake ikazama kwenye matope.

Ingawa New York aliyoikusudia hakuifikia kwa ndege ile, alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake kuelekea magharibi. New York ilimpokea kwa shangwe. Wiki mbili baadaye mwalimu wake, Campbell Black, aliuawa Liverpool ndege mbili zilipogongana uwanjani.

Mwaka 1942, akiwa Marekani, alitoa kitabu cha maisha yake, kikasifiwa kisha kikasahauliwa. Karibu na mwaka 1950 alirudi Kenya. Shamba la utoto wake halikuwa lake tena. Akarudia farasi, na farasi aliowafunza wakashinda mashindano makubwa ya Kenya mara kadhaa.

Hapo ndipo mama huyu ananigusa. Mimi nilisomea ukimbizini, na niliporudi niliwaona wengi wakikaa miaka wakingojea kiwanja cha baba yao, ilhali mikono yao inajua ushonaji, uashi au biashara. Kudai haki ya ardhi ni sawa, na tusiiache. Lakini wakati kesi inaendelea, watoto wanataka kula. Beryl hakungoja Njoro imrudie. Alishika kazi aliyoijua.

Uzeeni alikuwa na fedha kidogo, akiishi karibu na uwanja wa mashindano ya farasi, Nairobi. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya, kikauzwa sana, kikampa nafuu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83.