Kabla ya Omanyala Kulikuwa na Antao: Msee wa Mombasa Aliyeacha Dunia kwa Mataa 1962

Wasee, tufanye mtihani kidogo. Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu kwenye mashindano makubwa ya riadha ya kimataifa ni nani? Najua ushataja Kipchoge Keino. Pole, umeanguka. Mwingine atasema ni msee fulani wa Iten ama Kapsabet, wa mbio ndefu. Pia huyo ameanguka.

Alikuwa kijana wa hapa hapa kisiwani. Mombasa, yakhe. Na hakukimbia maili sita wala kuruka viunzi na maji. Alikimbia zile mbio za kufumba na kufumbua, zenye ukipiga chafya umekosa kila kitu. Jina lake Seraphino Antao.

Alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937, kwa familia ya Wagoa. Kwa wale hawajui, Goa iko India lakini ilitawaliwa na Wareno zaidi ya miaka 400, ndio maana watu wake wengi ni Wakatoliki na majina yao ni kina Fernandes, D'Souza na Antao. Ukipita Old Town ukiangalia Fort Jesus, kumbuka hao Wareno walioijenga ndio hao hao walikuwa Goa. Lakini Wagoa wenyewe walikuja huku baadaye, enzi za Mwingereza, kushika kalamu kwa ofisi, bandarini na reli. Hapa Mombasa walikuwa na kanisa, klabu na shule yao.

Sasa elewa mji ulikuwaje. Miaka ya hamsini Kenya ni koloni. Mzungu ana hospitali yake na klabu yake, Mhindi ana zake, Mwarabu ana zake, na Mwafrika ndiye anabaki na makombo. Shule pia zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Mgoa alikuwa katikati hapo, hajakubaliwa juu na hajahesabiwa chini. Sasa kwa mji wa namna hiyo, kitu kama mbio ni noma sana, juu saa haiulizi wewe ni kabila gani. Ukifika kwanza umefika kwanza, basi.

Antao alianza kama vijana wengi wa Mombasa, kucheza boli. Mbio zikamchukua polepole. Kocha wake alikuwa Ray Batchelor, na huyo ndiye anatajwa sana na watu wa riadha wa zamani kwamba alimchonga yule kijana mwembamba mpaka akawa mashine. Usidhani kulikuwa na jimu za maana ama viatu vya maelfu ya doh. Kukimbia kulikuwa jambo la ridhaa. Hakuna pesa ya zawadi, hakuna mdhamini, hakuna mkataba wa viatu. Ulikuwa na kazi yako ya kawaida, ukitoka ndio unaenda kukimbia, kwa joto letu hili linalokulowesha shati ukiwa umesimama tu.

Mwaka 1958 akaenda Cardiff, Wales, kwa michezo ya Jumuiya ya Madola. Hakutoka na medali. 1960 akaenda Olimpiki Rome. Pia huko hakuna medali. Hapo wengi wangerudi maskani wakaanza kupiga hadithi za venye walikaribia. Jamaa akarudi kwa mazoezi.

Halafu ikafika 1962, na huu mwaka naomba tuukalie kidogo, manze.

Kwanza alienda London, White City, kwa mashindano ya ubingwa ya Waingereza wenyewe, akachukua yadi 100 na yadi 220. Yaani umeenda kwa mtu nyumbani kwake, ukala chakula chake na ukaosha sahani ukaondoka nayo. Hiyo peke yake ingetosha kumpa jina. Lakini Novemba kukawa na Perth, Australia, Michezo ya Madola yenyewe.

Perth mwaka ule ilikuwa moto. Namaanisha moto kabisa, joto likapita nyuzi 38, mpaka leo Waaustralia wanaikumbuka ile michezo kwa jua na vumbi. Wanariadha kutoka Uingereza na Kanada walikuwa wanayeyuka. Sasa wewe mletee kijana wa Mombasa joto halafu utarajie atetemeke? Hiyo ilikuwa kama kumtishia samaki na maji. (Sisemi jua ndilo lilimpa ushindi. Lakini pia halikumuumiza.)

Fainali ya yadi 100, ambazo ni kama mita 91 na nusu. Angalia nani alikuwa kwa mstari. Kulikuwa na Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa watu walioshikilia rekodi ya dunia, yule ambaye wengi walikuwa wameshampa dhahabu kichwani. Kulikuwa na Tom Robinson wa Bahamas, bingwa wa yadi 220 kule Cardiff. Na kulikuwa na Mike Cleary, mwenyeji, Mwaustralia ambaye pia alikuwa mchezaji raga hatari, aliyechezea nchi yake raga za aina zote mbili. Mashabiki wa raga wa hapa, fikirieni winga wa timu ya taifa anayeweza kusimama kwenye fainali ya mbio za dunia nzima.

Bunduki ikalia. Jerome akapata jeraha baya la paja katikati ya mbio, akamaliza wa mwisho akichechemea. Antao yeye alikuwa ametoka nduki tayari. Sekunde 9.5, dhahabu. Robinson fedha, Cleary shaba.

Najua kuna msee anasema ah, alishinda juu Jerome aliumia. Sawa, tuseme hivyo. Sasa elezea yadi 220. Antao alirudi kwenye ile njia, akakimbia sekunde 21 na kidogo, akabeba dhahabu ya pili. David Jones wa Uingereza akabaki na fedha. Hakuna bahati ya namna hiyo inayokuja mara mbili kwa wiki moja.

Na Jerome, kwa haki yake, alitukanwa sana na magazeti ya kwao yakimwita mtu wa kukata tamaa, halafu akarudi baada ya upasuaji na kuchukua shaba ya Olimpiki 1964. Heshima kwake pia.

Kitu cha kushangaza ni hiki: Antao aliposimama juu pale Perth, Kenya haikuwa hata nchi huru. Uhuru ulikuwa mwaka mmoja mbele. Wimbo wa taifa tunaoimba sasa, uliotokana na mwimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, haukuwa umetengenezwa. Mombasa yenyewe kwenye makaratasi ilikuwa kwa ule ukanda wa Sultani wa Zanzibar. Dhahabu za kwanza za Kenya zilikuja kabla Kenya yenyewe haijafika.

Desemba 1963 uhuru ukaja. Oktoba 1964 ikawa Olimpiki Tokyo, mara ya kwanza kwa Kenya kuingia kama taifa. Bendera mpya, nyeusi, nyekundu, kijani, ngao katikati. Nani akapewa kuibeba mbele ya dunia? Kijana wa Kigoa kutoka Mombasa. Mimi hapo ndio husimama kila nikisoma hii stori. Watu walikuwa bado wanabishana nani ni Mkenya na nani si Mkenya, Wahindi na Wagoa walikuwa wamepewa miaka miwili tu kuamua kama watachukua uraia, na huku mbele ya kila mtu anatembea Antao na ile nguzo mikononi.

Kwa njia yenyewe Tokyo haikumpendeza. Hakupata medali. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ilichukuliwa na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800. Mita 100 zilienda kwa Mmarekani Bob Hayes, jitu kubwa lenye mbio za ajabu ambalo baadaye liliingia futiboli ya Kimarekani na Dallas Cowboys, likashinda Super Bowl. Ndivyo kwa wenzetu: ukiwa na mbio, kuna timu inakusubiri na mkataba. Antao hakuwa na ligi ya kuingia. Baada ya mbio kulikuwa na kutafuta kazi kama kila mtu.

Mwishoni mwa miaka ya sitini upepo ukageuka. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zikabana Waasia wasio raia, na maelfu wakapanda ndege kwenda Uingereza. Jamii ya Wagoa wa Mombasa ikaanza kupungua. Antao pia alihamia London, akaishi huko maisha ya kimya mpaka alipofariki tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na miaka 73.

Wakati huo huku nyumbani tulikuwa tumeshajiita taifa la mbio ndefu. Ukiwa kijana wa Pwani na una spidi, ulikuwa unaambiwa nenda ucheze winga.

Halafu Agosti 2022, Birmingham, Ferdinand Omanyala akashinda mita 100 za Madola kwa sekunde 10.02. Watangazaji wakaanza kupekua vitabu kumtafuta Mkenya wa mwisho kufanya hivyo, na jina likatoka: Antao, Perth, miaka 60 nyuma. Hiyo ya mita 100 sasa ina mrithi. Ile dhahabu yake ya pili, ya 220 ambazo leo ni mita 200, mpaka Birmingham hakuna mwanaume Mkenya alikuwa ameigusa tena.