Balraj Sahni: Mwigizaji Aliyeirejea Lugha ya Mama

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Wapo wasanii wachache ambao maisha yao yanaithibitisha kauli hii kwa pande zote mbili, yaani katika kuiacha asili na katika kuirejea. Mmoja wao ni Balraj Sahni, mwigizaji mashuhuri wa filamu za India.

Balraj alizaliwa tarehe 1 Mei 1913 mjini Rawalpindi, katika eneo la Punjab ambalo leo limo nchini Pakistan. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kipunjabi. Hata hivyo, elimu ilimwelekeza kwingine. Alisomea fasihi ya Kiingereza mjini Lahore hadi akapata shahada ya uzamili, na maandishi yake ya awali aliyaandika kwa Kiingereza. Baadaye alikigeukia Kihindi, akiamini kwamba mwandishi anayetaka kulihutubia taifa zima hana budi kuitumia lugha ya taifa.

Mwaka 1937 alikwenda Shantiniketan, Bengal, kufundisha katika taasisi iliyoasisiwa na mshairi Rabindranath Tagore. Siku moja Tagore alimuuliza iwapo aliandika kwa lugha ya mama yake. Balraj alijitetea kwamba Kipunjabi kilikuwa lugha ya jimbo tu. Mzee huyo, ambaye mwenyewe aliandika kwa Kibengali na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1913, hakuridhika. Alimkumbusha kuwa Kipunjabi ndicho kilichobeba tungo za Guru Nanak, na kwamba lugha ya wengine, hata mtu akiimudu vipi, haimpokei kama mwana wa nyumbani. Kijana hakushawishika. Ilimchukua miaka mingi kuukubali wosia huo.

Baada ya kushirikiana na Mahatma Gandhi kwa muda katika mwaka 1938, Balraj alisafiri hadi London na kuwa mtangazaji wa idhaa ya Kihindi ya BBC wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Aliporudi kwao alijiunga na chama cha maigizo cha IPTA kilichofuata mrengo wa kushoto. Mwaka 1946 aliigiza katika filamu ya Dharti Ke Lal, iliyosimulia baa la njaa lililoikumba Bengal mwaka 1943. Mwaka uliofuata ulimpiga mapigo mawili: mkewe Damayanti alifariki, na Bara Hindi likagawanywa. Rawalpindi ikawa ugenini kwa aliyezaliwa humo. Aidha, siasa zake zilimtia gerezani alipokuwa akishiriki filamu ya Hulchul, iliyotoka mwaka 1951. Aliruhusiwa kutoka kwenda kuigiza, na kwa kinaya cha aina yake, uhusika aliopewa ulikuwa wa mkuu wa gereza.

Filamu iliyolikuza jina lake ni Do Bigha Zamin ya mwaka 1953. Mwongozaji Bimal Roy alipomwona kwa mara ya kwanza, amevaa suti ya Kizungu, alitilia shaka iwapo mtu huyo angeweza kuwa Shambhu, mkulima fukara anayekwenda Calcutta kuvuta riksho ili akomboe kishamba chake. Ili kuufaa uhusika huo, Balraj alikaa na wakulima waliohamia Bombay, akachunguza walivyokula, walivyotembea na walivyozungumza. Huko Calcutta alivuta riksho kwa mikono yake mwenyewe. Hapo alikutana na mvuta riksho mmoja aliyemsimulia kisa cha shamba lililowekwa rehani na kupotea, kisa kilichofanana mno na cha Shambhu. Tangu hapo Balraj aliziweka kando nadharia za uigizaji, akajitahidi kuwa sauti ya mtu yule. Filamu hiyo ilituzwa katika tamasha la Cannes mwaka 1954.

Inaelekea kwamba somo la mvuta riksho na wosia wa Tagore vilikuwa kitu kimoja: msanii hawezi kuwasemea watu akiwa amesimama mbali nao. Kwa hakika, katika miaka yake ya baadaye Balraj alikirejea Kipunjabi. Kwa lugha hiyo aliandika kuhusu safari yake ya Pakistan alikokwenda kupaona tena alikozaliwa, na kuhusu safari yake ya Urusi, kitabu kilichompatia Tuzo ya Nehru ya Soviet Land. Akihutubia mahafali ya Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru mjini Delhi mwaka 1972, aliwasimulia wahitimu yale aliyoambiwa na Tagore, akawaonya kwamba nchi yaweza kupata uhuru ilhali fikra za wasomi wake zingali mateka.

Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa ni Garm Hava, iliyoongozwa na M. S. Sathyu. Humo yeye ni Salim Mirza, Mwislamu mwenye karakana ya viatu mjini Agra, anayekataa kuhamia Pakistan ijapokuwa jamaa zake wanaondoka mmoja mmoja. Binti yake anapokufa, Mirza hapigi mayowe. Huzuni yote imo usoni. Muda mfupi kabla ya hapo, Balraj mwenyewe alikuwa amempoteza bintiye, Shabnam. Alimaliza kuingiza sauti yake katika filamu hiyo, na kesho yake, tarehe 13 Aprili 1973, moyo wake ukasimama. Alikuwa amebakisha siku chache kutimiza miaka 60. Filamu yenyewe ilizuiliwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuonyeshwa.

Balraj Sahni hakuziacha filamu za Kihindi zilizompa riziki na jina, wala hakuidharau elimu yake ya Kiingereza. Alichokikataa ni kudhani kwamba elimu hiyo ilimtaka akione haya Kipunjabi. Kwa mwanafunzi wa lugha, uhai wake unaacha swali lile lile aliloulizwa kule Shantiniketan akiwa kijana. Yeye alilijibu akiwa mtu mzima. Heri anayelijibu mapema.